Mara Kumi kwa Usiku

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu,
nateremka ngazi za zege pale Mtera
kulisoma bwawa.
Mita mia sita tisini na tatu, nukta nne.
Jana nukta tano.
Naandika daftarini, natia sahihi, D. Chilewa,
na korongo aliye juu ya kisiki
ananitazama kama mkaguzi.

Nyemo, binti yangu, yuko kidato cha tano.
Likizo hii karudi na kitabu cha historia,
na usiku ananisomea kwa tochi ya simu
habari za Pepi wa Pili, mfalme wa Misri,
aliyekalishwa kitini miguu haijafika sakafu.
Miaka sita.
Meno ya mbele yanang'oka, nchi nzima imesujudu.

Mkuu wa msafara akamwandikia kutoka kusini:
nakuletea mtu mfupi, ajuaye kucheza ngoma za miungu.
Mtoto akasahau ubani, akasahau pembe,
akajibu kwa pupa:
Njoo naye upesi!
Chomboni, mwekee watu kila upande asitumbukie.
Akilala, mkague mara kumi kwa usiku.

"Mara kumi, baba!" Nyemo anacheka.
Mimi sicheki.
Mama amelala chumba cha pili
na nimekwisha kuamka mara nne.

Umri wa mama hakuna aujuaye.
Kadi ya kliniki inasema alizaliwa thelathini na sita,
kitambulisho kinasema thelathini na tisa;
karani aligeuza tarakimu, au aligeuza karatasi.
Hata Pepi, asema Nyemo, wataalamu wanabishana:
alitawala miaka tisini na minne, au sitini na minne?
Huenda mwandishi wa kale aliteleza alama moja,
miaka thelathini ikadidimia
kama yule tembo aliyeipa Dodoma jina.
Sina ugomvi na mwandishi huyo.
Kwenye ubao wangu wa kipimo, tope likigandia,
sita na tisa ni mapacha.

Alizika wanawe, Pepi. Alizika wake, mawaziri, vinyozi.
Yule mchezaji naye alikufa, nadhani;
kitabu hakisemi nani alimlilia.
Kisha mto ukaanza kuja mfupi.
Nawawaza wasoma maji wa huko
wakishuka ngazi zao za mawe alfajiri,
wakigusa jiwe lililozoea kulowa: kavu.
Nani alithubutu kumwamsha mzee yule
amwambie, Bwana, nukta nne,
jana nukta tano?

Mama huniuliza kila jioni,
"Maji yamefika wapi?"
Nchi nzima inaomba yapande, mitambo izunguke.
Mama anaomba yashuke.
Shamba lake la uwele limelala huko chini
tangu mwaka walipoufunga mto,
na pembeni mwa shamba, mawe ya kaburi la baba yake.

Mwaka ule wa ukame yalitokeza.
Nikampeleka. Akavua viatu,
akapita kati ya visiki akihesabu hatua,
akakaa juu ya tope lenye nyufa:
"Mbukwa, baba."
Kisha akamweleza bei ya mahindi,
debe kwa debe, kwa hasira,
kana kwamba marehemu ndiye aliyeipandisha.

Umeme umekatika.
Nyemo kasinzia, kitabu kifuani.
Naamka mara ya tano, mara ya saba.
Nasimama mlangoni kwa mama, nabana pumzi
mpaka niisikie yake.
Ipo. Nyembamba, inakwaruza kama ufagio uani.
Mara ya tisa. Au ya sita, sina hakika,
nimelala nimesimama.

Saa kumi na mbili na nusu. Ngazi. Korongo.
Nukta tatu.
Mawe hutokeza kwenye tisini na moja.
Nimeshika kalamu, nafanya hesabu ambayo
hakuna aliyenituma kuifanya:
maji yanashuka kwa kasi gani,
na yeye.